Harusi ya ufukweni, na mratibu wa hoteli hajipangi

Neno la kukuonya mapema ni "usijali". Unauliza habari ya jenereta, unaambiwa usijali. Unauliza meza ya wazee itakaa wapi, usijali. Mratibu aliyejipanga hukujibu kwa saa, kwa idadi, au kwa jina la mtu atakayeifanya kazi hiyo. Ukiulizwa tena na tena mko wageni wangapi, na ankara ikaja na jina la bwana harusi mwingine, anza kuchukua hatua siku hiyohiyo. Usingoje mfike Unguja.

Kwetu kila harusi hunikuta kwenye kamati, na ya mpwa wangu tuliipeleka Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Haya ndiyo niliyoyafanya.

Kila mlichoongea na mratibu kwenye simu, mtumie kwa maandishi mara tu mkikata: "Dada yangu, tumekubaliana chakula kitoke saa 1 usiku (19:00), pilau na samaki, watu 60. Naomba unithibitishie." Saa iandike kwa namna zote mbili. Hoteli za ufukweni zina wafanyakazi wa mataifa mengi. "Saa 10" kwako ni alasiri, kwa mwingine ni asubuhi watu wakiwa bado wanakunywa chai. Kisha yote yaingie kwenye karatasi moja yenye saa, kazi, na nani anaifanya. Asipoitengeneza yeye, itengeneze wewe, umpe aisahihishe. Anayesahau mambo hufanya vizuri zaidi akiwa na karatasi mkononi kuliko akisukumwa kwa maneno.

Sasa bahari, maana hapa ndipo harusi nyingi za pwani ya mashariki zinapoharibika. Paje, Jambiani na Bwejuu maji hupwa mbali sana, na yakijaa hufika karibu na kuta za hoteli. Familia hupenda tarehe ya mwezi mpevu kwa uzuri wake. Lakini mwezi mpevu, kama mwezi mwandamo, ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida: Unguja maji hukauka kabisa kwenye saa 4 asubuhi na hujaa kabisa karibu na saa 10 jioni, saa ileile mnayotaka kufunga ndoa. Mratibu wetu alitupeleka ufukweni asubuhi, akapiga mistari mchangani kwa kijiti: viti hapa, tao la maua pale, njia ya bi harusi katikati. Pakapendeza. Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa akitoka kwenye shamba lake la mwani, kiroba kichwani, nikamwonyesha mistari. Akacheka, akanielekeza ukuta wa hoteli: "Jioni maji yako pale." Tukahamishia ndoa kwenye bustani ya juu, picha tukazipiga mchangani maji yalipoanza kupwa, kabla jua halijazama kwenye saa 12 na nusu. Jedwali la maji lipo mtandaoni, litazame kabla hujalipa advansi. Ukipata fursa, waulize pia akina mama wa mwani na wavuvi. Na kwa upande wa mashariki jua huzama nyuma ya minazi. Anayetaka lizame baharini aende Kendwa, kaskazini-magharibi mwa kisiwa.

Ukishafika, omba kuonana na mpishi mkuu, fundi umeme na mtu wa bustani. Usimpite mratibu kimyakimya, atajiona amedharauliwa na kazi itazidi kulala. Mwambie: "Dada, nisindikize nikawasalimie wenzako." Mbele yao soma karatasi yenu. Fundi ndiye atakayekwambia kama jenereta inabeba spika za DJ na friji za jikoni kwa pamoja. Mpishi ndiye atakayekwambia kama amewahi kuisikia hiyo idadi ya 60.

Kumkemea mbele ya wenzake hakusaidii. Likizidi, nenda kwa meneja ukiwa na meseji zako, omba mtu wa pili wa kusaidiana naye. Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa kuliko la kumwondoa.

Malipo yagawe, na fungu la mwisho litoke baada ya viti, mahema na taa kusimama. Liweke hili kwenye mkataba tangu mwanzo.

Wageni wa Dar wavuke siku moja kabla. Boti huchukua muda wa kama saa 2, kisha barabara kutoka mjini hadi Paje ni kilomita 50 hivi, na msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, bahari huchafuka. Basi la kuwapokea bandarini lisiachwe kwa mratibu. Namba ya dereva awe nayo kijana wenu mmoja.

Siku yenyewe bi harusi asishike simu wala asiulizwe chochote. Karatasi ashike shangazi mwenye sauti. Na vinywaji mlivyopeleka wenyewe, chupa zilizobaki mhazini wenu azihesabu usiku uleule pamoja na mtu wa baa, wote wawili watie saini, kabla taa hazijazimwa.