Kidonda cha mgongo wa mkono: pima kila kano kabla ya kushona

Fundi wa mabati kutoka Gikomba anaingia kasualti, bati limempasua mgongo wa mkono. Unamwambia anyooshe vidole, ananyoosha vyote, nawe unanyanyua sindano ya kushona. Ngoja kwanza. Kidole kuinuka hakuthibitishi kwamba kano yake, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, ni nzima. Kano za kunyooshea vidole hazikupangwa sawa kwa kila mtu, na ya jirani huweza kuinua kidole kisicho chake.

Hatua ya 1: Jua ramani, na tofauti zake

Msuli mkuu wa kunyoosha hutoa kano 4, moja kwa kila kidole isipokuwa gumba. Kidole cha shahada kina kano ya pili ya peke yake, iliyolala upande unaoelekea kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho nacho kina msuli wake, ambao mara nyingi una kano mbili. Ile ya msuli mkuu inayokwenda kidole hicho, kwa watu wengi ni nyembamba au haipo kabisa. Mahali pake kuna utepe unaotoka kwenye kano ya kidole cha pete.

Tepe hizi ndizo zinazotudanganya. Huunganisha kano jirani nyuma kidogo ya vifundo vya ngumi: kati ya shahada na cha kati ni utando tu, kati ya cha pete na cha mwisho ni nene. Jaribu mwenyewe: weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati chini ya kiganja, kisha inua cha pete. Kinakwama. Basi kano ikikatwa nyuma ya utepe, jirani huivuta na kidole kinainuka.

Hatua ya 2: Anza na mkono usioumia

Huo ndio kipimo chako cha mgonjwa huyu. Pima pia hisia za ngozi kabla ya ganzi.

Hatua ya 3: Kidole kimoja kimoja, kwa kushindana nguvu

Kiganja kikae mezani. “Kaka, inua hiki, usiniache nikishushe.” Bonyeza mgongo wa pingili ya kwanza, iliyo karibu na kiganja. Udhaifu au maumivu hapo yanatosha kukufanya ushuku kano iliyokatika, hata nusu. Kisha akunje ngumi na anyooshe shahada peke yake, halafu kidole cha mwisho peke yake. Hapo unapima kano zao binafsi. Gumba aliinue wima kutoka mezani.

Kidonda kikiwa juu ya kifundo cha kati cha kidole, kunja kifundo hicho nyuzi 90 ukingoni mwa meza, zuia pingili ya kati, mwambie anyooshe. Ncha ya kidole ikikakamaa huku pingili ya kati haina nguvu, utepe wa katikati wa kano umekatika. Usiukose huu, kwa maana kidole huanza kupinda siku nyingi baadaye, mgonjwa akiwa ameshakwenda zake.

Hatua ya 4: Tia ganzi, osha, tazama ndani

Vidole viwe kama vilivyokuwa wakati wa kuumia. Aliyepiga mtu ngumi ya mdomo alikuwa amekunja vidole. Akivinyoosha, kano iliyokatwa na jino huteleza nyuma na kidonda kinaonekana salama. Mwambie akunje ngumi tena uone. Kidonda cha jino usikifunge kwa nyuzi.

Na ukikuta uvimbe laini usio na jeraha mgongoni mwa mkono, usikimbilie kisu. Kama asilimia 2 hadi 3 ya mikono ina msuli mdogo wa ziada hapo. Mwambie anyooshe vidole ukivizuia: uvimbe ukikaza, ni msuli.

Hatua ya 5: Andika na mpeleke

Andika kila kidole na nguvu yake. Ukibaki na shaka, funika kidonda, funga banzi kifundo cha mkono kikiwa kimeinuliwa nyuma, na mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa mkono.