Somo: Kutaja namba kubwa kwa Kiingereza cha mazungumzo

Ndugu wanafunzi, kusoma tarakimu ubaoni ni jambo moja, kuzishika zikitamkwa haraka dukani ni jingine. Leo tufuate namba kama Waingereza na Wamarekani wanavyozisema.

Hatua ya 1: Weka laki pembeni. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa hiyo tutulie kidogo. Sisi 475,320 tunaipasua hivi: laki nne, elfu sabini na tano, mia tatu na ishirini. Wao hawana laki, wanafuata mikato tu. Fungu la kushoto, 475, wanalisoma lote kwanza, "four hundred and seventy-five", kisha wanatia "thousand", ndipo wanamalizia "three hundred and twenty". Basi laki moja ni "a hundred thousand", na laki mbili na nusu ni "two hundred and fifty thousand". Ukianza kutafsiri laki kichwani, mwenzako ameshafika sentensi ya tatu. Chukua matangazo ya viwanja na magari, usome bei kwa sauti fungu kwa fungu mpaka ulimi uzoee.

Hatua ya 2: Zoea mamia yanayozidi kumi. 1,500 mara nyingi husikika "fifteen hundred". Wamarekani huendelea hata juu ya hapo: 3,200 huwa "thirty-two hundred". Lakini elfu kamili haiguswi: 2,000 ni "two thousand" siku zote.

Hatua ya 3: Mwanzoni mwa namba sema "a hundred", "a thousand". "One" huja mtu akitaka kusisitiza au kuwa makini na hesabu. Katikati ya namba, "one" ni lazima: 2,100 ni "two thousand one hundred". Ile "and" baada ya mamia Mwingereza huitamka, Mmarekani mara nyingi huiacha. Wote wako sahihi.

Hatua ya 4: Milioni hufupishwa kwa nukta au nusu. 1,200,000 ni "one point two million", na 1,500,000 ni "a million and a half". Usiongeze "s" baada ya namba: "three million". "Millions" ni ya kusema mamilioni ya watu bila kutaja idadi.

Hatua ya 5: Kwenye pesa, "grand" ni elfu, kama thao ya vijana wa Nairobi. "Twenty grand" ni 20,000, nayo pia haichukui "s".

MASWALI YA WANAFUNZI

Shikamoo mwalimu. Nikisikia "two-fifty" nielewe ngapi?

Marahaba. Angalia kinachouzwa. Kwa kahawa ni dola mbili na senti hamsini, kwa simu ni 250, kwa nyumba ni 250,000. Ukiwa na shaka, irudie kwa ukamilifu: "Two hundred and fifty thousand?" Hakuna atakayekushangaa, wenyewe hufanya hivyo.

Mwalimu, niko Dubai na bosi wangu Mhindi anasema "five lakh". Amekosea?

Hajakosea. Kiingereza cha India kina "lakh", ndiko laki yetu ilikotoka, na "crore", yaani milioni kumi. Hata mkato wanauweka pengine: 5,00,000. Kwake taja laki bila wasiwasi.

Na miaka, je?

Huigawa mara mbili: 1964 ni "nineteen sixty-four", 2024 ni "twenty twenty-four". Sifuri ya 1905 husomwa "oh": "nineteen oh five". Ila 2005 wengi husema "two thousand and five".

Babu yangu anashikilia kwamba bilioni ya Uingereza ni milioni ya mamilioni. Nimwambieje?

Mwambie alichofundishwa kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Serikali ya Uingereza ilihamia bilioni ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja, katika takwimu zake mwaka 1974. Kwa hiyo akikutana na "billion" katika kitabu cha Kiingereza cha zamani, atazame kwanza kimechapishwa wapi na mwaka gani, ndipo ahesabu sifuri tisa au kumi na mbili.