Kumhudumia Msafiri katika Duka la Vifaa vya Umeme, Uwanja wa Ndege wa Kisumu

Mteja wa uwanja wa ndege hana muda wa kurudi kesho, kwa hiyo muulize kwanza anasafiri kwenda wapi na ndege yake inaondoka saa ngapi, kabla hujamwonyesha bidhaa yoyote.

Swali la safari ndilo linaloamua adapta. Anayeishia Nairobi hahitaji kitu, kwa kuwa plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. Anayeunganisha kwenda Marekani atakuta plagi tofauti na umeme wa volti 120, nusu ya volti 240 zetu. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja yake: ikiandikwa 100–240V, adapta pekee inatosha, na kumuuzia kigeuza volti ni kumpotezea fedha.

Pawabenki zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hubebwa kwenye mkoba wa mkononi tu, kamwe si katika mzigo unaopakiwa chini ya ndege. Zidisha mAh (miliampea-saa, yaani uwezo wa betri) kwa volti za betri, kisha ugawe kwa 1,000 upate Wh (wati-saa, yaani kiasi cha nishati): pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100, ilhali ya mAh 30,000 ina Wh 111 na huhitaji idhini ya shirika la ndege. Mweleze hayo kabla ya kulipa.

Kijaribu kifaa mbele yake, thibitisha malipo ya M-Pesa, kisha umpe risiti.