Kabla Hujapeleka Tasnifu Kuprinti: Mistari Isije Ikakutanukia

Tasnifu imeisha, msimamizi amekubali, kilichobaki ni kuprinti na kubaindi. Hapo ndipo wengi hulia. Faili lililokuwa limenyooka vizuri kwenye laptopu ya nyumbani likifunguliwa steshenari linakuja na mistari iliyotanuka, maneno manne yametandazwa upana wa ukurasa mzima. Lawama anabebeshwa kijana wa steshenari. Mimi nimekaa upande huo wa kaunta, na nakwambia mara nyingi ugonjwa umekuja na faili lenyewe. Basi fanya haya ukiwa bado kwako.

Karatasi iwe A4 tangu siku ya kwanza. Word iliyosetiwa Kimarekani huanza na Letter, ambayo ni pana kwa milimita 6 kuliko A4. Ukija kubadilisha mbele ya kaunta, kila mstari unakatika upya.

Fonti iwe Times New Roman, na usijifanye mbunifu. Aptos, ambayo Microsoft walianza kuiweka badala ya Calibri mwaka 2023, haimo kwenye Word za zamani. Kompyuta ikikosa fonti hutafuta nyingine ya kujazia, na herufi za fonti hiyo zina upana wake. Kama unatumia LibreOffice, Liberation Serif imetengenezwa kwa vipimo vya Times New Roman, kwa hiyo hapo hofu ni ndogo.

Angalia juu kabisa ya dirisha, penye jina la faili. Ukiona maneno "Compatibility Mode", faili lako bado linapangwa kwa taratibu za Word ya zamani hata kama programu yako ni mpya. Jambo hili si la urembo. Word za kabla ya 2013, ukijastifai (yaani ukiagiza mistari inyooke kushoto na kulia), kwa kawaida hupanua nafasi kati ya maneno ili mstari ufike ukingoni. Kuanzia 2013 Word hukubali pia kuzibana kidogo ili neno moja zaidi lienee. Aya ya mistari kumi inaweza kurudi tisa, na ukurasa wa 47 ukahamia 46. Kwa hiyo ukitaka kubofya "Convert" kwenye File, Info, bofya mapema, halafu uhuishe jedwali la yaliyomo kwa F9. Usibofye asubuhi ya siku ya kukabidhi.

Sasa lile lenyewe. Bonyeza Ctrl+Shift+8. Ukurasa utajaa alama zilizokuwa zimejificha: kinukta ni nafasi ya kawaida, ¶ ni mwisho wa aya, na kimshale kilichopinda kwenda kushoto ni Shift+Enter, yaani kushuka mstari mpya bila kufunga aya. Kimshale hicho ndicho cha kukiogopa. Word inapokiona huhesabu kwamba aya bado inaendelea, hivyo kama umejastifai, mstari wake, hata uwe na maneno mawili, unavutwa hadi pambizo la kulia kama mistari ya katikati. Mstari wa mwisho wa aya, wenye ¶, hauvutwi.

Kuna dada mmoja wa shahada ya uzamili alikuja na sura ya nne imejaa majibu ya wahojiwa, kila jibu limefungwa kwa Shift+Enter. Kwenye faili lake la awali hakukuwa na tatizo lolote, kwa sababu faili hilo alirithi kwa mtu aliyewahi kuweka tiki mahali ambapo watu hawafiki: File, Options, Advanced, teremka hadi mwisho kabisa, fungua "Layout Options", pale palipoandikwa "Don't expand character spaces on a line that ends with SHIFT-RETURN". Tiki hiyo hukaa ndani ya faili, haikai kwenye kompyuta. Idara ikatoa kiolezo kipya, dada akanakili sura zake zote na kuzibandika humo. Maandishi yakahama, tiki ikabaki nyuma. "Hapana, hatukushirikishwa" ikawa neno moja kushoto na jingine kulia, katikati uwanja wa mpira. Naye, badala ya kuuliza, akaanza kulaza aya mojamoja kushoto kwa Ctrl+L, ukurasa ukawa nusu umenyooka, nusu una meno. Nyingine zikamponyoka, akaja kuziona nakala zikiwa zimeshabaindiwa kwa jalada gumu. Jalada gumu halifumuliwi ukabadilisha karatasi tatu. Alilipa upya, kila kitu.

Dawa yake ni fupi. Chagua maandishi ya sura, usichague ukurasa wa jalada wala vichwa, kisha Ctrl+H: kwenye kutafuta andika ^l, kwenye kubadilisha andika ^p, na Word ikiuliza iendelee na sehemu iliyobaki, kataa. Kimshale kikiwa katikati ya sentensi, jambo la kawaida kwa maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni, hapo weka nafasi moja badala ya ^p. Pitia kwa macho, usiiamini kompyuta. Weka tiki ile ukipenda, lakini kumbuka kwamba ukinakili tena kwenda faili jingine umerudi ulikotoka.

Ukiona viduara vidogo mahali pa vinukta, hizo ni nafasi zisizokatika, zimetoka kwenye kurasa za intaneti. Maneno yaliyounganishwa nazo hushuka yote kwa pamoja na mstari wa juu unabaki na mapengo. Tafuta ^s, weka nafasi ya kawaida. Anwani ndefu za tovuti kwenye marejeo hufanya vilevile. Kama mwongozo wa chuo unaruhusu, marejeo yaachwe yamelala kushoto tu.

Hifadhi kwa .docx, halafu toa PDF kwenye kompyuta yako mwenyewe na ulete zote mbili. Fungua PDF hiyo kwenye simu ya mtu mwingine, upitie kurasa zote, si tatu za mwanzo. Printi sura moja kabla ya kuagiza nakala zote. Usije Ijumaa jioni. Flashi iskaniwe virusi kabla na baada, nakala nyingine ibaki kwenye barua pepe, na mtu akikwambia "niachie, nitakunyooshea hapa hapa", simama naye uone anabonyeza nini.