Makabati ya jikoni ya kufunga ukutani: soma hapa kabla ya kunipigia

Wakuu, kila wiki naulizwa jambo hili hili, sasa naandika mara moja. Mimi si fundi, ni mwenye nyumba Kinyerezi aliyewahi kuliwa hela.

1. Amua jiko, friji, sinki na mtungi wa gesi vitakaa wapi.

2. Fundi umeme na fundi bomba wamalize kabla ya seremala.

3. Vipimo. Hapa ndipo nilipoumia. Nilimwita mtu wa shorumu kuta zikiwa na plasta tu, akapima, nikasaini mchoro. Baadaye marumaru na saruji yake zikala sentimita 2 kila upande. Nafasi ya 270 ikabaki 266, makabati yakaja ya 270. Kulalamika, nikaonyeshwa sahihi yangu. Fundi wao akakata kabati la mwisho kwa msumeno palepale, ukingo wa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ukabaki uchi, tena upande wa sinki. Masika hayajaisha, limeumuka kama andazi. Kwa hiyo: pima BAADA ya marumaru. Pima juu, katikati na chini, maana kuta zetu hazinyooki, kisha shika kipimo kidogo. Usisaini mchoro usio na namba.

4. Shorumuni. Kabati la maonyesho si lazima liwe ubao utakaoletewa. Omba kipande, kiloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi utaona. Bei iandikwe yote: bawaba, reli za droo, graniti, tundu la sinki, usafiri, kufunga, na kama VAT imo. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bakiza hela mpaka kila mlango ufunge.

5. Kimo cha meza ya kabati kutoka sakafuni: wengi hufunga sentimita 90. Mpishi wa kwetu mfupi, tukaweka 85.

Maswali

Kijana wa Tabata: Mkuu, bei gani?
— Bei ya nini? Una mita ngapi, ubao gani? Soma namba 4.

Mzee wa Hoja: Ulisaini mwenyewe, shorumu wana kosa gani?
— Nimemtaja mtu? Aliyeshika tepu aliona kuta hazina marumaru, akanyamaza. Mimi nikasaini. Kosa tumegawana.

Dada wa Kigamboni: Nikienda kwa maseremala wa Keko nichongewe mninga, si bora? Nipo karibu na bahari.
— Swali zuri, dada. Mninga ni mzuri ukiwa umekauka. Mbichi utapinda mlango. Unaweza kuweka milango ya mninga na mwili wa marine board, ubao unaostahimili maji. Huko kwenu tatizo ni chumvi: bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, hata kama ni ghali.

Mama Goba: Na mende?
— Ziba matundu ya mabomba kwa silikoni. Kabati likae kwenye miguu ya plastiki, ubao wa chini unaoficha miguu uwe wa kuchomoa, ufagie.

Fundi Gesi: Naongezea, mtungi ukikaa kabatini toboeni matundu CHINI. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni.
— Asante fundi. Langu lina matundu juu tu, naenda kutoboa leo.