Kuchagua kati ya lenzi ya milimita 35 na ya milimita 50

Kabla ya kununua lenzi isiyovuta, yaani isiyoweza kusogeza picha karibu au mbali, kwa ajili ya kamera yako isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), angalia kwanza ukubwa wa sensa ya kamera hiyo, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwa sababu kwenye sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko sensa kamili (full frame) na ambayo katika kamera nyingi hubana eneo la picha kwa mara 1.5, lenzi ya 35 huona takriban kama ya 52 kwenye sensa kamili, na ya 50 huona kama ya 75. Tofauti hiyo si ndogo. Katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ambako watu wamebanana na huna pa kurudi nyuma, lenzi ya 50 itakupa uso wa mchuuzi na magamba yaliyomganda mkononi, lakini meza na umati vitabaki nje. Ya 35 huvichukua vyote. Kwa picha ya mtu mmoja ufukweni Coco ningechagua ya 50, kwani hufifisha zaidi mandhari ya nyuma, hata kama tundu la mwanga la zote mbili hufunguka hadi kipimo kilekile cha f/1.8.

Ukiwa bado unasita, chukua lenzi ya kuvuta iliyokuja na kamera, iache kwenye 35 kutwa nzima, kesho yake kwenye 50, kisha tazama ni siku ipi uliyopata picha ulizozitaka.