Chora mpaka wa maduka kabla ya kuandika sera

Kazi yangu ni mipango miji, na sera yangu ya kwanza ya maduka niliiandikia mezani. Haikufaa. Siku hizi kwanza nachora mpaka wa maduka, yaani mstari kwenye ramani unaozunguka eneo la biashara, na naanzia barabarani: ramani ya viwanja mkononi, kalamu mbili za rangi, mlango kwa mlango. Fremu yenye biashara rangi moja, fremu tupu rangi nyingine. Rudi jioni, na tena siku ya mapumziko, maana mlango uliofungwa asubuhi huenda una mwenyewe.

Tazama pia miguu ya watu. Mtaa mmoja niliona wapita njia wakifika mahali fulani wanageuka. Jengo la ofisi lilikuwa limeziba madirisha yake ya chini. Nilihesabu hatua 40 za ukuta mtupu, na ng'ambo yake fremu nne zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo andika wazi kwamba ghorofa ya chini ndani ya mpaka iwe na milango na vioo vinavyoonesha ndani. Nyumba za kuishi zikae juu, na ngazi yake.

Kuhusu mpaka wenyewe, ubane. Viongozi hupenda uwe mpana ili kila mwenye kiwanja aridhike, lakini maduka hayohayo yakitawanywa, mteja haendi la pili.

Kisha weka utaratibu wa maombi. Uingereza anayetaka kujenga duka kubwa hutafuta kwanza nafasi katikati ya mji, halafu pembezoni, ndani ya mita 300 kutoka eneo la maduka, na nje baada ya hapo tu. La nje linalozidi mita za mraba 2,500 hufanyiwa tathmini ya athari zake kwa maduka ya katikati ya mji, isipokuwa mamlaka imejiwekea kiwango chake. Mji mdogo ujiwekee cha chini zaidi. Kwa ukubwa huo duka moja laweza kumeza mtaa mzima.

Maduka ya mtaani yataje moja moja kwenye ramani, hata matatu ya kona. Anayetaka kugeuza duka la mwisho lililobaki mtaani kuwa nyumba athibitishe kwanza kwamba alilitangaza kwa kodi ya haki mwaka mzima bila kupata mpangaji. Hapo usilegeze: bibi asiye na gari hana pengine pa kwenda.

Kufunga barabara kwa magari, anza kwa majaribio. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilifanya hivyo kwenye Strøget, barabara yake ya maduka, mwaka 1962, wenye maduka wakipinga, na watu wakajaa.

Rudia hesabu kila mwaka, wiki ileile. Fremu za ukingoni mwa mpaka zikibaki tupu mwaka baada ya mwaka, sogeza mpaka ndani, uruhusu watu wahamie pale kuishi.